Anza Kiingereza kwa "be", "have" na "do"

Kila mwaka ninapopokea wanafunzi wa kidato cha kwanza waliosoma shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, wengi huja na madaftari yaliyojaa majina ya wanyama, matunda na viungo vya mwili. Maneno hayo wanayajua barabara, lakini ukimwuliza mmoja wao kwa Kiingereza anaishi wapi, hukwama, kwa sababu orodha haikumfundisha kuunganisha neno na neno. Kwa hiyo anayeanza, awe mtoto au mtu mzima, namshauri aziweke orodha kando kwa muda, ashughulikie kwanza vitenzi vitatu: "be", "have" na "do".

Sababu imo katika maumbile ya lugha zenyewe. Kiswahili hubeba mengi ndani ya kitenzi: katika "hatukuwaona" mna nafsi, ukanushi, wakati na mtendwa, vyote katika neno moja. Kiingereza huyatawanya katika maneno matano, "We did not see them", na humo wakati uliopita hubebwa na "did", yaani "do" ya wakati uliopita, huku "see" ikibaki kama ilivyo. Asiyeelewa hilo husema "We did not saw them", akidhani kwamba kila kitenzi kinachohusu jana lazima kibadilike, ilhali wakati ukishabebwa na kitenzi kisaidizi, kitenzi kikuu hakiubebi tena. Ndiyo maana pia tunasema "She works here", lakini tukiuliza tunasema "Does she work here?", kwani ile "s" ya nafsi ya tatu umoja imekwisha hamia kwenye "does". Mimi hulikalia jambo hili muda mrefu kuliko vitabu vingi vinavyotaka, na sioni kwamba muda huo unapotea, maana mtu asiyeweza kuuliza wala kukanusha hawezi kuzungumza.

"Be" na "have" huwachanganya wengi kwa sababu sisi tuna njaa na tuna miaka ishirini, lakini Mwingereza husema "I am hungry" na "I am twenty". "Have" itumie kwanza kwa vitu ulivyo navyo: "I have a bicycle". Hiyo "a" Kiswahili hakina, hivyo jifunze kila nomino ya kitu kinachohesabika pamoja na "a" au "an" yake tangu siku ya kwanza.

Msamiati sasa utafuata kwa urahisi. Vitenzi vinavyotumika sana, kama "go", "come", "see", "take" na "give", havifuati kanuni ya "-ed". Vikariri kwa maumbo yake matatu pamoja: "go, went, gone". Kisha kila neno jipya liandikie sentensi ya kweli kuhusu maisha yako, kwa mfano "My mother sells fish", uikanushe, "My mother does not sell fish", halafu uigeuze swali, "Does my mother sell fish?", ukizisoma zote tatu kwa sauti kabla ya kuandika neno linalofuata.