Anti Anajibu: Wa miaka miwili haongei, wa kumi na nne haamki

*Shikamoo anti. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, anasema mama, baba, pipi na hapana, basi. Nyumbani mama mkwe anaongea naye Kisukuma, mi na baba yake Kiswahili, dada wa kazi katoka Bukoba anamwimbia Kihaya. Mama mkwe anasema ana udata chini ya ulimi akatwe, jirani anasema lugha zimemchanganya. Nimsikilize nani? – Mama, Buhongwa*

Marhaba mama. Hapo usimsikilize hata mmoja. Lugha tatu hazimcheleweshi mtoto kuongea, Kanda ya Ziwa nzima watoto wanakulia kwenye lugha mbili tatu na wanaongea mpaka unaomba wanyamaze. Ila ukihesabu maneno yake hesabu na ya Kisukuma na ya Kihaya, yote ni ya kwake. Na udata unaweza kumsumbua kutamka baadhi ya herufi lakini haumzuii kuanza kuongea, kwa hiyo wembe uwekeni mbali kabisa na ulimi wa mtoto.

Sasa, hata ukijumlisha zote ukabaki na manne tu, hapo usikae kusubiri. Akifika miaka miwili wengi wanaunga maneno mawili, "maji nataka", "baba kaenda". Simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya kawaida, anageuka? Akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Nenda na majibu hayo kliniki na uombe apimwe masikio, maana mtoto aliyeugua ugua masikio anaweza kuwa anasikia nusu nusu na nyumbani mnamwita mtundu. Hospitali ya Bugando wana idara ya masikio, pua na koo, kliniki watakuandikia rufaa.

Halafu hukunitajia tv. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na chini ya mwaka mmoja isiwepo kabisa. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Ukikaa kuchambua dagaa mkalishe pembeni, mwambie huyu mkubwa, huyu mdogo, hili jiwe tutupe, halafu unyamaze umwangalie usoni, mpe muda, hata akitoa "mm" tu mjibu kama vile kaongea sentensi nzima.

*Anti habari. Mi nafanya biashara ya dagaa mwaloni Kirumba, natoka nyumbani saa tisa usiku. Kijana wangu ana miaka 14, yuko form two. Zamani alikuwa anaamka kabla sijamwita, sasa hivi haamshiki, ukimsemesha anajibu shombo, na juzi kaenda ziwani na wenzake wakawa wanaruka toka juu ya mwamba wakati kuogelea kwenyewe hajui vizuri. Fimbo nimechapa mpaka nimechoka. Ni bangi hii? – Baba, Kirumba*

Nzuri kaka, pole na majukumu. Bangi inawezekana, siwezi kuapa, lakini uliyoyataja yote matatu ni ya umri wake.

Akibalehe saa ya mwili inasogea mbele, yaani homoni ya usingizi inachelewa kutoka, kwa hiyo saa tatu usiku ukimwambia lala anajigeuza tu kitandani. Umri huo anahitaji usingizi wa saa nane mpaka kumi. Sasa kalala saa sita, kumi na moja kaamshwa awahi daladala, hizo ni saa tano, na hata wewe ukipata usingizi wa saa tano tu wiki nzima majibu yako nyumbani tunayajua. Simu ndo inamalizia, saa tatu na nusu chaji iwe sebuleni, na ya kwako pia kaka, atakuangalia.

Kuhusu mwamba. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupima hatari na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu, wakati ile ya kutafuta raha ishachangamka zamani. Marekani mwaka 2005 watafiti Gardner na Steinberg waliwachezesha watu gemu la kuendesha gari kwenye kompyuta, vijana wa miaka 13 hadi 16 wakicheza wenzao wanawaangalia walijihatarisha kuliko wakicheza peke yao, ila watu wazima hata waangaliwe na nani walikuwa vilevile. Kwa hiyo kijana wako peke yake pale mwambani huenda angerudi nyumbani. Wajue hao wenzake, wakaribishe hata chai, na atafutiwe mtu wa kumfundisha kuogelea vizuri, maana kumkataza ziwa mtoto wa Kirumba mi naona ni kazi bure. Fimbo iache, inamfundisha kuficha tu.

Na kwa kuwa anaingia ziwani mpeleke apimwe kichocho cha tumbo, minyoo na wingi wa damu, kuna uchovu tunauita uvivu kumbe mtoto anaumwa, na dawa ya kichocho ipo. Ila ukiona kajitenga hata na marafiki, hali chakula vizuri, masomo yameporomoka ghafla, na imepita wiki mbili, hapo mpeleke kwa daktari.

*Anti, binti yangu wa miaka 9 titi moja limetoa kinundu kinauma, lingine bado. Sijalala, naogopa kansa. – Mama G, Nansio*

Lala mama. Kubalehe kwa wasichana kunaanza popote kati ya miaka 8 na 13, na titi moja kutangulia ni kawaida kabisa, lingine litafuata baada ya miezi kadhaa. Ingekuwa kabla ya miaka 8 ningekwambia nenda hospitali. Msikikande na maji moto wala kukibinya. Hedhi mara nyingi inakuja miaka miwili hivi au mitatu baadaye, ila pedi nunua mapema, mwonyeshe jinsi ya kuibandika kwenye chupi akiwa ametulia nyumbani, na moja ikae kwenye begi la shule.