Fomu ya kompyuta inayokataa namba za wanachama

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu cha akiba na mikopo kimeacha madaftari na sasa tunaandikisha wanachama kwenye kompyuta. Ukikosea namba ya kitambulisho cha taifa, fomu huandika "Taarifa si sahihi" na kufuta kila kitu. Foleni inafika nje, na fundi anadai sisi ndio wazembe. Tumjibu nini? — Karani, Morogoro.

JIBU: Ndugu Karani, mwambieni kwamba fomu inayowakwamisha makarani wote mahali pamoja ndiyo yenye kasoro.

Anzeni na namba hiyo ya NIDA. Ina tarakimu 20, na kwenye kadi huandikwa kwa mafungu yaliyotenganishwa na vistari. Karani mmoja ataandika vistari hivyo, mwingine ataacha nafasi, na wa tatu ataunganisha tarakimu zote. Mfumo uzikubali namna zote tatu na uondoe wenyewe vistari na nafasi, kwani kazi hiyo ni ndogo mno kumsumbulia binadamu. Kisha uioneshe namba katika mafungu ya tarakimu 8, 5, 5 na 2, ili karani ailinganishe na kadi fungu kwa fungu. Na kwa kuwa tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, tarehe hiyo ijazwe na mfumo, nanyi mumwulize mwanachama kama ni sahihi. Kuichapa upya ni kukaribisha makosa mengine.

Ujumbe wa kosa ukae chini ya kisanduku kinachohusika na useme kilichopungua, kwa mfano: "Umeandika tarakimu 19, zinatakiwa 20." Yaliyokwisha kujazwa yabaki palepale. Kufuta fomu nzima kwa sababu ya tarakimu moja ni adhabu, wala sioni sababu ya kiufundi ya kuitetea.

Namba ya simu nayo ipokelewe iwe imeanza na 0 au +255. Visanduku vifuate mpangilio wa fomu ya karatasi ambayo mwanachama huja nayo mkononi, na kila ambacho jibu lake halitumiwi na mtu yeyote ofisini kiondolewe (zipo fomu ambazo hadi leo zinadai namba ya faksi).

Fundi akimaliza marekebisho, aijaribu fomu akiwa amekaa nanyi dirishani siku ya kuandikisha, si kwa majina aliyoyatunga mwenyewe mezani kwake.