Ile picha ya taa ilichukua dakika nne

Wapendwa wa kwaya,

Nimesoma mliyoandika chini ya picha yangu ya taa za bustani ya Rice Park, Saint Paul. Mmoja wenu amesema Desemba ya Minnesota ni kama sinema. Mwingine ameuliza kama raha ndiyo imenisahaulisha mchango wa sare. Wa tatu akauliza habari za muziki. Hilo la pili nimelala nalo siku tatu. Leo sina zamu, kwa hiyo nawajibu.

Picha hiyo ilichukua dakika nne. Baridi ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri, ile ambayo ukivuta pumzi unasikia vinyweleo vya pua vikishikana. Nilivua glavu ili nibonyeze simu, na kabla sijapiga picha ya tatu simu ikazima, nayo ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Baridi hula betri. Vidole viliniuma hadi machozi yakanitoka. Hayo hamkuyaona kwa sababu niliwatumia ile niliyotabasamu. Hapo nimekosa mimi.

Taa zenyewe ni nzuri, sitawaficha. Watu wa huku hawakubali kushindwa na baridi. Husimuliwa kwamba mwaka 1885 mwandishi mmoja wa New York aliuita mji huu Siberia nyingine, mahali pasipokalika. Wenyeji wakaudhika, na mwaka 1886 wakajenga kasri la barafu na kuanzisha tamasha ambalo lipo hadi leo, mwisho wa Januari. Wanawafunga watoto makoti mpaka yanabaki macho tu, wanatoka kutazama watu wakichonga barafu. Ng'ambo ya mto, Minneapolis, ukumbi wa Guthrie umekuwa na mchezo wa Krismasi tangu 1975. Sijawahi kuingia. Nimeitazama tiketi kwenye simu mara nyingi, halafu nakumbuka karo ya Januari na nauli za Desemba za kwenda ushago, kijijini, zinavyopanda, naifunga simu.

Lakini ninyi mliniuliza habari za muziki, na hapo ndipo panaponiuma.

Krismasi iliyopita nilifanya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Sikukuu inalipa mara moja na nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa mchango wenu wa mwaka jana. Wakaja watoto wa shule kuwaimbia wazee ukumbini. Mimi nilikuwa bafuni mwisho wa korido, nimepiga magoti, namwosha mzee miguu. Walipoanza wimbo wa pili niliutambua. Ni ule tuliokuwa tukimalizia nao ibada ya mkesha. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya tatu ikasikika kidogo, alto, ile sauti ya pili, hakuna kabisa. Nikaanza kuimba alto yangu taratibu, kitambaa mkononi. Mzee akaacha kupiga kelele, akatulia. Ubeti wa pili haujaisha, msimamizi akaja mlangoni akaniambia nipunguze sauti na nifunge mlango, wageni wanarekodi. Nikafunga. Miaka kumi na mmoja nimesimama mstari wa mbele pale kanisani Makadara, Nairobi, halafu naambiwa nifunge mlango.

Wewe wa soprano unayesubiri viza: usije. Kaa hapo, kazi itapatikana. Na kama moyo umeshaamua, basi njoo, ila usije Desemba. Jua linazama saa kumi na nusu jioni, na mwezi wako wa kwanza hapa utalia bila sababu. Koti nunua soko la mitumba la Gikomba, yale mazito yaliyotoka huku huku, utapata kwa bei ambayo hapa hainunui hata kofia. Viatu usinunue huko, vya baridi vinunue hapa, hata kama ni kwa deni. Usikope kwa kitu kingine chochote.

Ukifika usijifungie ndani kama mimi nilivyofanya mwaka wa kwanza. Nenda nyumba ya vioo ya mimea ya Como, hapa Saint Paul, kiingilio ni bure. Ukifungua mlango tu, joto na harufu ya udongo uliolowa vinakupokea, unavua koti, unakaa kati ya mitende. Mimi huenda kukaa tu. Jumba la sanaa la Minneapolis nalo ni bure, lina vinyago vya Afrika ambavyo nimesimama nikivitazama saa nzima. Halafu nikaona uchungu, maana miaka mingapi nilipita Museum Hill, penye makumbusho ya Nairobi, kwa matatu nikienda kazini Westlands na sikushuka hata siku moja? Ninyi mlio hapo shukeni. Wapelekeni watoto makumbusho. Nendeni National Theatre hata kama mchezo hamuujui.

Mchango nilisema moyoni kwamba mwaka huu situmi. Nimetuma asubuhi, angalieni simu ya mweka hazina. Sare yangu pia ishonwe, vipimo ni vile vile.

Na mkesha wa mwaka mpya, saa sita yenu ya usiku ni saa tisa yangu ya alasiri, na zamu yangu inaanza saa tisa hiyo hiyo. Tafadhali mwambieni mwalimu aanze wimbo dakika kumi mapema. Nitakuwa chumba cha kubadilishia nguo. Simu iwekeni upande wa alto, mbali na spika.