Kabla hujaandika sifuri, uliza gesi imetanukaje

Wadogo zangu mnaoanza thamodinamiki, swali la entropia (kipimo cha jinsi nishati na chembe zilivyotawanyika) ya gesi bora, yaani gesi ya kufikirika ambayo chembe zake hazivutani, inayotanuka bila kupokea wala kutoa joto mtakutana nalo mpaka mtihani wa mwisho. Mimi lilininyima alama mwaka wa kwanza. Niliona neno "adiabatiki", yaani bila joto kuingia wala kutoka, nikaandika Q (joto) = 0, basi ΔS (badiliko la entropia) = 0, nikageukia swali lingine. Karatasi ikarudi na neno moja la wino mwekundu: "Imetanukaje?"

Kosa langu lilikuwa kutafuta ΔS kwa Q/T, yaani joto gawanya kwa halijoto. Hesabu hiyo ni halali pale tu mchakato unapoweza kurudishwa nyuma, yaani gesi inatanuka polepole, presha ya nje ikikaribiana na ya ndani kila hatua. Zaidi ya hapo iacheni. Entropia haiangalii njia, inaangalia gesi ilianzia wapi na imeishia wapi:

ΔS = nCv ln(T2/T1) + nR ln(V2/V1)

Hapa n ni idadi ya moli, T ni halijoto kwa kelvini, V ni ujazo, Cv ni joto la kupandisha moli moja kwa kelvini moja ujazo usipobadilika, na R ni namba thabiti ya gesi; 1 ni mwanzo, 2 ni mwisho.

Chukueni moli 1 ya agoni yenye 300 K, ujazo wake uongezeke mara mbili. Cv ni 1.5R, na R ni 8.314 J/K kwa moli.

Ikitanuka polepole ikisukuma pistoni, inapoa hadi 189 K. Sehemu ya kwanza inatoa −5.76, ya pili +5.76. Hapo sifuri ni ya haki: gesi imepata nafasi zaidi, lakini imepoteza nishati kwa kufanya kazi, na viwili hivyo vimefutana.

Sasa fungua koki, gesi iingie kwenye chombo kitupu. Hakuna joto, hakuna kazi, halijoto inabaki 300 K. Joule alifanya jaribio la namna hii mwaka 1845, vyombo viwili vya shaba vikiwa ndani ya maji, na kipimajoto chake hakikuonyesha badiliko. ΔS ni +5.76 J/K, ingawa Q ni sifuri ileile.

Inayowanasa wengi ni ya tatu: presha ya nje inashushwa ghafla na kubaki palepale hadi gesi itulie nayo. Mkono unakimbilia kanuni kwamba TV^(γ−1) haibadiliki (γ ni Cv + R gawanya kwa Cv), na hapo ndipo mtu anapotea, kwa sababu fomula hiyo ni ya kutanuka polepole tu. Anzeni na nishati: 1.5R(T2 − 300) = −P2(V2 − V1), P2 ikiwa presha mpya ya nje. Kwa kuwa P2V2 = RT2 na V2 ni mara mbili ya V1, upande wa kulia ni −0.5RT2, na T2 inatoka 225 K. Logi zinatoa −3.59 na +5.76, unabaki na takriban +2.2 J/K.

Ukipata jibu hasi kwenye mchakato wa adiabatiki, rudi nyuma hapohapo, pengine umegeuza V1 na V2. Na kikokotoo kikigoma kukupa logi, angalia nyuzi ulizoingiza: 225 K ni −48 kwa Selsiasi, na namba hasi haina logi.