Mashine imegoma kuwaka: maswali na majibu

Wiki hii karibu kila aliyetuandikia kuhusu laptop yake ametumia neno lilelile: "haiwaki". Neno moja, magonjwa mengi. Kuna mashine isiyotoa hata taa, kuna inayowasha taa na feni huku kioo kikibaki giza, na kuna inayowaka sekunde 2 ikazima. Mwambie fundi yako ni ipi kati ya hizo. Utamrahisishia kazi, na itakuwa vigumu kwake kukuambia "bodi imeungua" kabla hajashika bisibisi. Bodi ni ile sahani kuu inayobeba chipu za mashine.

Umeme ulikatika usiku, uliporudi laptop yangu ikawa kimya kabisa. Hakuna taa, hakuna feni. Fundi wa mtaani anasema ni bodi. Kweli? (Msomaji, Tabata)

Inawezekana, ila bodi ni ya mwisho kushukiwa. Umeme ukirudi kwa kishindo, wanaopokea pigo la kwanza ni ekstensheni, fyuzi na chaja. Achana na ekstensheni. Chomeka chaja kwenye soketi ya ukutani uliyokwisha kuijaribu kwa kitu kingine, hata pasi.

Kisha tazama waya unaotoka ukutani kwenda kwenye kile kitofali cha chaja. Ule wenye matundu 3 huchomoka na huingiliana na chaja za kampuni nyingi, kwa hiyo azima wa jirani ujaribu. Usisahau fyuzi ndani ya plagi ya miguu 3 bapa. Plagi isiyofunguka ina kidroo kidogo katikati ya miguu. Kibandue kwa bisibisi bapa. Fyuzi ya 3A inatosha kwa chaja ya laptop. Ukikuta ya 13A, weka ya 3A, kwa sababu ile kubwa itauacha waya mwembamba uungue kabla yake.

Mwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) aiweke kwenye volti za DC na apime ncha ya chaja. Chaja nyingi za HP na Dell ni 19.5V, za Lenovo 20V, na namba imeandikwa kwenye kitofali. Ncha yenye sindano katikati isikuchanganye: hasi ni nje ya silinda, chanya ni ukuta wake wa ndani, na sindano ni ya utambulisho tu. Ikisoma 0, au namba ikipanda na kushuka, chaja imekwisha.

Chaja ikiwa nzima, toa umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 bila kuachia, kisha chomeka chaja peke yake uwashe. Chipu ndogo inayosimamia umeme huweza kukwama baada ya mshtuko, na haizinduki maadamu betri bado inailisha. Kama betri iko ndani, angalia chini ya mashine: ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo cha kubonyeza kwa klipu ya karatasi. Zisizo nacho, fungua mfuniko uchomoe plagi ya betri. Shika plagi yenyewe kwa kucha, usivute nyaya.

Hapo ikigoma, sasa tunaweza kuzungumzia tundu la chaji na bodi.

Taa inawaka na feni inazunguka, lakini kioo cheusi. Ninunue kioo kipya? (Msomaji, Mbezi Beach)

Usinunue kitu bado. Zima taa za chumbani, washa mashine, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiilaza pembeni. Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo au kebo yake. Usipoona kitu, unganisha na televisheni kwa HDMI. Picha ikitokea huko, tatizo ni upande wa kioo.

Televisheni nayo ikiwa giza, mshukiwa mkuu ni RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda. Chomoa chaja na betri, fungua chini, panua vibanio viwili vya pembeni. RAM itainuka yenyewe kwa mshazari. Sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, pande zote mbili, pangusa vumbi la raba, rudisha hadi vibanio vilie "ka". Zikiwa 2, jaribu moja moja, na kila tundu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na meno hayo hushika utando usiouona kwa macho. Baada ya kubadilisha RAM, mashine nyingine hukaa giza dakika 1 au 2 ikijipanga. Wengi huizima hapo wakidhani wameshindwa.

Na kama kuna taa inayopepesa, irekodi kwa simu kisha uhesabu. Kwenye Dell nyingi, 2 za njano na 3 nyeupe maana yake RAM haijaonekana. Kwenye HP nyingi, 3 ndefu na 2 fupi pia zinaelekeza kwenye RAM.

Shikamooni mafundi. Nimeimwagia laptop chai ya maziwa, iko ndani ya mchele siku ya pili. Niwashe lini? (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba. Usiiwashe, na mchele urudishe jikoni. Hauwezi kunyonya kilichojificha chini ya chipu, na maji yakikauka, sukari na maziwa hubaki palepale. Betri ikiwa bado imeunganishwa, umeme wake unaendelea kuila shaba ya bodi hata mashine ikiwa imezimwa. Fungua leo, chomoa betri kwanza, safisha bodi kwa isopropili (aina ya spiriti) ya 99% na mswaki laini, hasa kwenye plagi za kebo na penye unga mweupe au wa kijani. Spiriti ya duka la dawa ya 70% haifai, kwani inayobaki ni maji. Wala usipulize kwa mashine ya kukaushia nywele. Kibodi, kwa bahati mbaya, huenda ukabadilisha tu.

Nikichomeka kwenye laptop, taa ya chaja inazima. Nikichomoa, inarudi. (Msomaji, Temeke)

Hiyo ni shoti ndani ya mashine, na chaja inajikinga. Jaribu mara moja betri ikiwa imechomolewa. Isipobadilika, acha kuchomeka-chomeka. Mara nyingi ni kapasita au mosfeti moja (vipande vidogo vya bodi) kwenye njia inayopitisha umeme wa chaja, na fundi wa bodi huitafuta kwa kupima ukinzani wa njia hiyo. Akikuambia bodi nzima ibadilishwe, mwombe akuonyeshe hicho kipimo.

Chaja ya simu ya Type-C inaingia, mbona haichaji? (Msomaji, Sinza)

Kuingia si kukubaliwa. Laptop nyingi zinataka 20V, na chaja nyingi za simu haziifikishi. Tafuta iliyoandikwa PD 65W (PD ni Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa Type-C). Ukipita 60W, kebo nayo iwe ya 5A.

Kazi yangu ya chuo iko ndani na mashine imekufa. Imepotea? (Msomaji, Mlimani)

Mashine kufa hakuui diski. Kama ni SSD ya M.2, yaani diski ya chipu iliyo kama kibao chembamba kishikwacho na skrubu 1, itoe uiweke kwenye kasha la USB. Kabla ya kununua, soma lebo: NVMe na SATA ni aina mbili za muunganisho, na mara nyingi hutumia makasha tofauti. Kwenye MacBook za karibuni hifadhi imelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo hapo bodi ndiyo itakayotengenezwa kwanza.

Kompyuta nyingine ikikuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalolinda diski), ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyowashia Windows siku ya kwanza. Ingia humo kwa simu uunakili kabla hujapeleka diski popote.