Ramu mpya, kadi ya zamani

SWALI: Assalaam alaykum. Kompyuta ya studio yetu ilikuwa na ramu ya GB 2 na kadi ya PCI ya kunasia video. Tumeongeza ramu ikafika GB 16. Tangu hapo picha zinakatika, na dmesg (daftari la ujumbe la Linux) inaandika “swiotlb buffer is full”. Fundi anasema ramu mbovu. Ni kweli?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam. Ujumbe huo haushitaki ramu. Kadi yenu inaelekea ni ya anwani za biti 32, yaani haifiki juu ya GB 4 za mwanzo. Zamani kumbukumbu yote ilikuwa chini ya mpaka huo. Sasa data ikitakiwa kwenda juu, kerneli, yaani kiini cha Linux, huipa kadi bafa (eneo la kumbukumbu la kupitishia data) iliyo chini, kisha prosesa ndiyo inakili kupeleka juu. Ni shehena inayoishia gati ya Mkoani, gari ikaifikisha Chake. Bafa hiyo ndiyo swiotlb.

Kwa kawaida ni MB 64: vipande 32768 vya KB 2. Someni ule mstari wa dmesg hadi mwisho. “used” (vipande vilivyotumika) ikikaribia “total” (vipande vyote), bafa imejaa kweli. Lakini “sz” (ukubwa wa ombi kwa baiti) ikizidi 262144, kuongeza bafa hakusaidii kitu, kwa sababu ombi moja halipewi zaidi ya KB 256 mfululizo. Hapo tatizo ni la draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Na mkisimamisha video “used” isishuke, draiva haiachii ilichochukua.

Dawa ninayoipendelea ni IOMMU, sehemu ya mashine inayoitafsiria kadi anwani ili ifike juu, maana huondoa kunakili kwenyewe. Kwa Intel, washeni VT-d (ndiyo IOMMU yao) kwenye BIOS, ongezeni intel_iommu=on kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesheni update-grub, kisha muwashe upya. Bodi za zamani nyingi hazina. Kama yenu haina, wekeni swiotlb=65536 kwenye mstari huohuo, mpate MB 128; ramu hiyo inatengwa moja kwa moja, msizidishe ovyo.

Akitokea wa kuwashauri mbadilishe DMA_BIT_MASK(32), pale draiva inapoiambia kerneli kadi inafikia biti ngapi, iwe 64, mkatalieni. Ujumbe utapotea, lakini kadi itazikata biti za juu za anwani na kuandika picha juu ya kumbukumbu ya programu nyengine. Mashine itaanguka leo kwa hili, kesho kwa lile, na hapo ndipo ramu itasingiziwa tena.