Majivu ya makaa ya mawe: ndiyo yanasafisha, ila si kwa kuyamwaga tu

Umeuliza kama majivu ya mitambo ya makaa ya mawe yanaweza kumwagwa moja kwa moja kwenye maji taka ili yanase risasi na shaba. Yatazipunguza, lakini usishangilie haraka. Majivu yenye chokaa nyingi hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), na metali hizo hugeuka hidroksaidi, yaani misombo isiyoyeyuka kwa urahisi, na kutuama chini kama tope. Hapo hazijanaswa, pH ikishuka, zinarudi majini. Wengi wanaosifia matokeo yao hawatenganishi kutuama na kunaswa.

Njia ya uhakika zaidi ni kuyageuza majivu kuwa zeolaiti, yaani madini yenye vitundu yanayonasa metali. Majivu haya yamejaa silika na alumina, ambazo ndizo malighafi ya zeolaiti. Yachemshe kwenye maji ya kostiki soda, nyuzi 100 hivi za Selsiasi, kwa saa kadhaa hadi siku nzima: chembe zake za kioo huyeyuka, kisha hujijenga upya kuwa fuwele zenye vitundu vidogo mno, zikibeba sodiamu iliyo tayari kuachia nafasi kwa risasi, shaba au amonia. Suuza sana baada ya hapo, la sivyo umerudi kwenye lile tatizo la pH.



Na kabla ya yote, loweka sampuli ya majivu kwenye maji safi upime sumu kama aseniki, seleni na kromu. Majivu mengine huzitoa yenyewe, hasa maji yakiwa ya alkali. Majivu ya aina hiyo usiyaguse, hata ukipewa bure.